Jozi Saba Mlangoni

Mimi nikishika kalamu, watu wa mtaa wetu wa Bula Chini hunyamaza. Si kwamba wananipenda, ni kwamba wananijua. Naitwa Kawira, nauza mboga soko la Isiolo mwaka wa kumi na nne huu, na mtaa mzima huniita Mama Gacheri, hata wale ambao hawajawahi kumtia Gacheri wangu machoni. Nina hasira za karibu, hilo sikatai. Lakini nikisema jambo litafanyika, linafanyika, na ndiyo maana walinipa kitabu.

Kitabu chenyewe ni daftari nene lenye jalada jeusi, na kilizaliwa na mafuriko ya El Nino. Mtaa wetu umekaa ukingoni mwa laga, mto wa mchanga ambao sehemu kubwa ya mwaka hauna hata tone. Mbuzi hulala humo, vijana huchezea mpira humo. Mwaka ule maji yalikuja mchana kweupe yakabeba nyumba tano. Tulikimbilia shule ya msingi, pale juu kwenye mwinuko, na tulipotulia tukaona mtu mmoja hayupo, mzee mmoja mnunuzi wa mbuzi. Waqo, kinyozi wetu, akajifunga kamba kiunoni akarudi chini kumtafuta. Gogo likampiga ubavuni, mbavu tatu zikavunjika, akatolewa akitapika matope. Jioni yule mzee akapiga simu kutoka Oldonyiro. Alikuwa ameenda mnadani tangu juzi yake, ameketi anakunywa chai.

Hapo ndipo kamati ikaundwa na sheria zikawekwa. Filimbi moja ndefu, jiandae. Filimbi tatu, toka, panda shuleni, usirudi nyuma hata kama umeacha godoro jipya. Ukifika shuleni, katibu, yaani mimi, anasoma nyumba moja moja na idadi yake ya watu. Nyumba ikitimia inapata alama. Ikipungua, kamba inashuka. Na juu ya sheria hizo zote kulikuwa na moja ambayo Waqo mwenyewe aliitaka iandikwe kwa wino mwekundu: kamba haishuki bila kitabu. Hakuna atakayevunjwa mbavu tena kwa ajili ya mtu ambaye hajapotea.

Ilibaki kupata idadi. Nilizunguka nyumba zote za mtaa mwezi wa nane, jua la Isiolo likinichoma utosi, na kila mahali nilipewa jibu, mpaka nilipofika kwa Akko Tiya.

Akko ni nyanya kwa Kiborana, na Tiya ni akko wa mtaa mzima. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, hatua chache tu kutoka kibanda changu. Ni mwembamba, mrefu, mkimya, na anapokutazama unajikuta ukikumbuka makosa ya utotoni. Nilimkuta mlangoni akifunga mitungi yake mitupu kwa kamba ya katani, mmoja baada ya mwingine, kama afanyavyo kila siku ili asubuhi aibebe begani kwa mkupuo; seti moja huenda sokoni, nyingine hubaki nyumbani ikikauka.

"Akko, hapa wanalala watu wangapi?"

"Watu wako."

"Najua wako. Wangapi?"

"Rabbi anajua."

"Rabbi hatakuja shuleni na kitabu. Mimi ndiye nitakuja. Niambie namba niende, bado niko na nyumba ishirini."

Aliweka mtungi chini. "Mama Gacheri, watoto hawahesabiwi. Hata ngamia hawahesabiwi. Ukianza kutaja namba, unaita jicho baya."

Nikamuuliza kwao Biliqo walijuaje kama ngamia amepotea. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba jioni ngamia wakirudi yeye alikuwa anasimama penye lango la boma, hahesabu, anawaangalia tu wakiingia. Aliyekosekana anamjua papo hapo, kwa rangi yake, kwa mama yake, kwa tabia zake.

"Hii ni mafuriko, si boma ya ngamia," nikamwambia, na nilisema kwa sauti iliyofika nyumba tatu.

Nilikuwa na aibu kidogo hata wakati ule ule, nikubali. Nyanya yangu mwenyewe kule Kibirichia alikuwa akiulizwa ana wajukuu wangapi anajibu kwamba wanatosha. Lakini nyanya yangu alikufa zamani, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Akko Tiya akainua mtungi wake akaendelea kufunga. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akicheka peke yake. Hakunikaribisha.

Basi nikatumia akili. Watu wa nyumba ile huvua viatu mlangoni, na ilikuwa saa kumi na moja jioni, wote wamerudi. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za raba zake, nikahesabu. Za Akko mwenyewe, za ngozi. Buti za mwanawe Denge, wa bodaboda. Za Tuye, mke wa Denge. Na jozi nne ndogo za plastiki, mbili za watoto wa shule na mbili za vitoto. Nikaandika: *Nyumba ya Tiya, saba.* Nikaondoka nimejaa furaha ya mwizi. Usiku nilimsimulia mume wangu tukacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na moja. Anga ya Isiolo ilikuwa safi, samawati tupu, vumbi kama kawaida. Hilo ndilo jambo la laga yetu: mvua hainyeshi hapa Isiolo, inanyesha kule juu kwetu sisi Wameru, kisha maji yanateremka kututafuta. Kwa hivyo ndugu yangu Mwenda, anayelima viazi Kibirichia, ndiye jicho la kamati. Akiona mto wa kwao umebadilika rangi ananipigia.

Alinipigia saa nane kasoro, sauti inakatika katika.

"Kawira, uko wapi? Nimekutafuta saa nzima, network imepotea tangu mvua ianze. Daraja la hapa chini limeenda. Limeenda, umenisikia? Maji imebeba miti mizima."

"Saa nzima?"

"Saa nzima na zaidi. Toeni watu sasa."

Kwa kawaida tulikuwa na saa mbili za kujipanga. Sasa tulikuwa na nusu saa, pengine chini. Niliacha sukuma wiki kwenye kibanda, nikachukua kitabu na filimbi ambavyo havikai mbali nami, nikakimbia. Sikupuliza moja ndefu. Nilipuliza tatu moja kwa moja, nikazirudia mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma.

Watu walitoka wakitazama juu. "Mvua iko wapi?" mmoja akauliza. Nikamtukana. Sitarudia nilichosema, lakini alitoka.

Kituo changu siku ya hatari ni kona ya msikiti, ambapo njia zote za mtaa zinaungana kabla ya kupanda kwenda shuleni. Nilisimama hapo na kitabu wazi. Waqo na Salesio, fundi wa kuchomelea vyuma, walipita wamembeba Mzee M'Ikiara kwenye kiti chake cha plastiki, kwa sababu katika kitabu jina la nyumba yake lina alama ya "abebwe". Wale wasioweza kutembea hubebwa kwanza. Nilijisikia fahari kuona mpango wangu ukitembea kwa miguu.

Nilimwona Tuye akipita, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono, shuka imemtoka kichwani. Alikuwa anahema. Aligeuka mara mbili kutazama nyuma, lakini nani hakugeuka siku ile? Nikapiga hesabu kichwani. Saba. Akko Tiya yuko sokoni, wanafunzi wawili wako shuleni tayari, Denge yuko kazini, na hawa watatu wamepita. Nyumba hiyo imekwisha.

Ndipo Denge akatokea kwa pikipiki kutoka barabara ya juu, kasi, akitaka kuteremka. Nikajitupa mbele yake nimepanua mikono.

"Wapi?"

"Nyumbani, Mama Gacheri. Nipishe!"

"Watu wako wamepita."

Alikanyaga breki, mguu mmoja chini. "Wote?"

"Wote. Nimehesabu mwenyewe. Panda juu."

Alinitazama. Nakumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyotaka. Kwanza wasiwasi, halafu kitu kikamlegea mabegani, na akavuta pumzi. "Haya. Asante, mathe," akasema, akageuza pikipiki. Akampakia mama mmoja mjamzito aliyekuwa akijikokota, akapanda naye.

Dakika chache baadaye tuliyasikia maji. Maji ya laga hayaji kwa sauti ya maji. Yanakuja kwa sauti ya mawe yanayosagana, chini kabisa, unaisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Kisha yakatokea kwenye kona ya mnada wa zamani, mekundu, yamebeba migomba na majani ya viazi ya mashamba ya kwetu, pipa la bluu, mlango wa mtu. Yalijaza laga kama mtu anayejaza sufuria, yakavuka ukingo, yakaingia mtaani bila haraka yoyote. Nikafunga kitabu nikapanda.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Nilipanda kwenye jukwaa la bendera nikaanza kusoma. Watu wananyamaza nikisoma, nimeshasema. Nyumba ya M'Ikiara, wawili. Wapo. Nyumba ya Habsa, tano. Wapo. Kila alama niliyoweka ilinitua moyoni. Chini tuliona mapaa ya mabati, na maji yakiwa usawa wa vitasa vya milango.

"Nyumba ya Tiya, saba."

Tuye alikuwa upande mmoja wa uwanja na vitoto viwili, na wanafunzi wake wawili wamemkimbilia. Denge alikuwa ng'ambo ya uwanja akisaidia kushusha wazee, akainua mkono. Na Akko Tiya ndiyo kwanza alikuwa anaingia langoni kutoka sokoni, amebeba kikapu chake, shuka imejaa vumbi. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba.

"Imetimia," nikasema, nikaweka alama.

Akko Tiya hakusogea kutoka langoni. Alisimama pale pale, akawaangalia watu wake mmoja mmoja, macho yakienda kwa Tuye, kwa watoto, kwa Denge, yakarudi. Hakusogeza hata mdomo. Sikuwa nimewahi kuona mtu akitazama hivyo, na bado nilijua ninachokiona, kwa sababu alikuwa amenieleza.

"Ikra yuko wapi?" akauliza.

Sauti haikuwa kubwa. Tuye akageuka kwa mumewe. "Denge, si uko naye? Si nilikupigia, ukasema uko karibu, utambeba na piki?"

Denge alikuwa amesimama na mikono hewani. "Niliambiwa mmepita wote."

"Mimi nilibeba hawa wawili tu! Ningebeba watatu aje?"

"Niliambiwa wote," Denge akarudia, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Mama Gacheri, uliniambia wote."

Ningependa kusema kwamba nilielewa mara moja. Sikuelewa. Nilipandwa na hasira, kwa sababu hasira ndiyo huja kwangu kwanza, hata mahali pa hofu. Nikainua kitabu juu. "Nyumba ya Tiya ni saba! Nawaona saba! Huyo Ikra ni nani?"

"Ni wa binti yangu wa Biliqo," akasema Akko Tiya. "Aliletwa hospitali. Miguu yake haishiki."

"Haishiki vipi?"

"Hatembei. Hajawahi kutembea."

Kuna mambo yanakuja kichwani yakiwa kamili, hayahitaji kufikiriwa. Niliona ule mlango, saa kumi na moja jioni. Niliona jozi saba zilivyopangwa. Nikasikia mtoto akicheka ndani. Mtoto ambaye hajawahi kutembea hana viatu. Mtoto wa kwanza kabisa ambaye kitabu changu kilipaswa kumwandikia "abebwe" ndiye mtoto wa pekee ambaye nisingeweza kumpata kwa kuhesabu viatu.

Waqo alikuwa tayari ameshika kamba, lakini alikuwa amesimama. Aliweka kiganja ubavuni, pale palipovunjika, sidhani kama alijua. Salesio alisimama nyuma yake.

"Mama Gacheri," akasema Waqo, "kitabu inasema aje?"

Uwanja mzima ulinigeukia. Denge alikuwa ameanza kukimbia kuelekea langoni na wanaume wawili wamemkamata, anawapiga viwiko. Nilijua Waqo angeniamini. Ningesema imetimia, sheria ingesimama na kamba ingekaa. Na nilijua pia kwamba nikisema neno lingine, ninawatuma wanaume watatu kwenye maji yale kwa ajili ya mtoto ambaye pengine amekwisha kufa, na kosa ni langu.

"Kitabu ni ya uongo," nikasema. "Niliandika uongo. Shukeni! Shukeni sasa hivi!"

Waqo hakuuliza tena. Alimfikia Denge langoni akamshika shingo ya shati. "Hutaingia bila kamba. Simama nikufunge. Simama, wewe!" Wakateremka mbio, nami nyuma yao, gauni nimelikunja mkononi, na Akko Tiya nyuma yangu.

Maji yalikuwa yamefika kona ya msikiti, pale pale niliposimama kumzuia Denge. Salesio alizungusha mwisho wa kamba kwenye nguzo ya stima, akaushika. Mimi nikashika nyuma yake. Denge na Waqo wakaingia, magoti, kiuno, kifua. Nyumba ya Tiya ni ya nne kutoka kona, hatua sitini siku ya kawaida. Gogo lilipita. Waqo akalikwepa kwa kujibana ukutani, na nikamsikia akitoa sauti kama aliyechomwa kisu, lakini akaendelea.

Kamba ilikuwa inanikata viganja. Nilianza kuomba, kwa Kimeru, kwa Kiswahili, maneno yakachanganyika. Kisha nikasikia pembeni yangu mikono mingine imeishika ile kamba. Mikono mirefu, mikavu, ya kubeba maziwa.

"Nilihesabu viatu, Akko," nikasema. Sikumtazama. "Hukunipa namba, nikahesabu viatu mlangoni. Ndiyo nikaandika saba. Na Denge ni mimi nilimrudisha. Alikuwa anaenda kumchukua, nikamrudisha."

Ningependa angenitukana. Badala yake alivuta kamba pale ilipolegea, akakaza, macho yake hayakutoka kwenye paa la nyumba yake.

Mlango ulikuwa umekataa, maji yanausukuma kutoka ndani. Tuliona Denge akipanda mgongoni mwa Waqo, akishika ukingo wa bati, akiling'oa kwa mikono mitupu. Bati lilipiga kelele likafunguka. Akaingia kichwa kwanza, akapotea.

Sijui ilikuwa muda gani. Salesio alisema baadaye ni dakika tatu. Maji yalikuwa yamepanda mpaka mapaja yetu sisi tulioshika kamba. Waqo alikuwa amekumbatia pembe ya nyumba, kidevu juu, anaita, "Denge! Denge!" Hakuna jibu. Nilikuwa nimeanza kupanga kichwani jinsi nitakavyomwambia Tuye, na namna nitakavyohama Isiolo.

Kwanza ulitoka mtungi, wa njano. Halafu mwingine, na mwingine, mkufu mzima wa mitungi mitupu ya maziwa iliyofungwa kwa kamba ya katani, ikitoka pale kwenye tundu la bati. Na katikati ya mitungi, mikono miwili myembamba imepitishwa kwenye vishikio mpaka kwapani, kichwa kidogo chenye nywele zilizolowa, na Denge nyuma akisukuma.

Tulivuta. Mungu anajua tulivyovuta. Walifika wakiwa wameshikana watatu, Waqo amekuwa wa kijivu usoni, na Akko Tiya akaingia kwenye maji mpaka kifuani kuwapokea. Ikalazimu kukata katani kwa kisu kwa sababu mtoto hakutaka kuachilia. Alikuwa na umri wa kama miaka sita. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, mikono ina nguvu ya ajabu, mikono ya mtu anayejivuta sakafuni kila siku ya maisha yake. Maji yalipoingia alijivuta mpaka kitandani, na kitanda kilipoelea akaivuta mitungi.

"Akko," akasema, meno yakigongana, "mitungi yako sijaachilia."

Tiya akamfunika kwa shuka yake, akamweka begani. Nilikaa chini pale pale barabarani nikalia kwa sauti, kama mtu wa matanga, na sikuona haya.

Maji yalikaa siku mbili yakaondoka. Yalichukua nyumba tatu na choo cha msikiti. Hakufa mtu. Waqo alilala hospitali kwa sababu ya ubavu ule ule, na nilipompelekea uji aliniuliza kama sheria ya wino mwekundu bado ipo. Nikamwambia ukurasa ule nimeuchana. Mbele ya kamati nilisimama nikaeleza yote, jinsi nilivyohesabu viatu na nilivyomrudisha Denge, nikaweka kitabu mezani wampe mwingine. Walinirudishia. Mzee M'Ikiara alisema kwamba mtu aliyeogopa namna ile hawezi kukosea mara ya pili. Sikufurahi sana kusikia hivyo, lakini nilikichukua.

Nilinunua daftari jipya. Humo hakuna namba hata moja, ni majina tu, na pembeni mwa kila jina neno moja au mawili: huyu husikia kwa sikio moja, huyu akiogopa hujificha chini ya kitanda, huyu hulala mchana kwa sababu ni askari wa usiku. Kazi iliyonichukua siku nne mara ya kwanza, sasa ilinichukua wiki tatu. Nyumba ya Tiya niliiacha ya mwisho. Nilikuwa namwogopa.

Nilipiga hodi jioni, saa ile ile. Mabati mapya yalikuwa yamepigiliwa, na ukutani alama ya maji ilikuwa juu ya kichwa changu. Safari hii alinikaribisha. Nilivua raba zangu nikaingia nikitazama mbele tu, sikutaka macho yangu yaguse kitu chochote pale mlangoni. Ikra alikuwa kwenye mkeka akipanga visoda vya chupa kwa mstari. Akko Tiya alinipa chai ya maziwa ya ngamia, akaketi, akakunja mikono.

"Nitakutajia majina," akasema. "Namba sitaji."

"Namba sitaki, Akko."

Akataja, polepole, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na baba yake na tabia yake, na nikaandika. Alianza na Ikra. Pembeni nikaandika: *abebwe kwanza.* Nilitaka kumwomba radhi tena, nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, lakini aliniongezea chai kabla sijafungua mdomo, na nikaona kwamba hataki nizungumze.

Nilipotoka niliinama kuchukua raba zangu, na hapo haikuwezekana tena kutotazama. Za ngozi, buti, za Tuye, zile nne za plastiki. Na mwisho wa mstari, karibu kabisa na mlango, jozi nyingine, ndogo, za kijani, zimewekwa sawasawa visigino vikigusa ukuta. Nilichukua kimoja nikakigeuza. Isiolo hakuna kiatu kisicho na vumbi. Unyayo wa kile ulikuwa safi kama kilivyotoka dukani.

Akko Tiya alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

"Ni za Ikra," akasema. "Wewe ni mtu wa viatu. Nikaona afadhali awe nazo."

Hakuwa na hasira. Alisema kama anayekueleza mahali pa kupata maji. Nilikirudisha kiatu mahali pake, nikakisogeza mpaka kikalingana na mwenzake.

Kutoka ndani sauti ya mtoto ikaita, "Mama Gacheri! Umeona viatu zangu?"

"Nimeziona, Ikra," nikamwambia.